Naombeni ushauri: wajitoleaji wa matumbawe wanaokuja kwetu Mafia

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni nahodha wa boti huku Utende, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995.

Kuna kampuni imetuomba tuwapeleke vijana kutoka Ulaya wanaolipia kuja kujitolea kupanda matumbawe, wiki mbili mbili. Kundi la kwanza lilinitia uchungu. Wengine hawajui hata kuelea vizuri, wanasimama juu ya mwamba wakichoka. Tumbawe ni mnyama hai, na lenye matawi likikua sana ni sentimita kumi hivi kwa mwaka. Yale ya mviringo kwa kawaida hayazidi hata mbili. Wazee bado wanakumbuka 1998, bahari ilipochemka matumbawe yakageuka meupe. Yaliyopona ndiyo haya yanayokanyagwa.

Pesa naihitaji, sikatai. Lakini nataka kuweka masharti: wafundishwe kuelea kwanza, wasivae glavu maana zinawapa ujasiri wa kushika, na vijana wetu walipwe kama wasimamizi.

Aliyewahi kuandikiana mkataba wa namna hii, hasa ndugu zangu wa Unguja na Watamu, mliweka vipengele gani? Nianzie kamati ya kijiji au ofisi ya hifadhi?