Rais wa Marekani alikwama wapi kwenye kufuta mikopo ya wanafunzi?

Mshale_wa_Kusini

Wakuu, salaam. Mei Mosi 2021 Rais Samia alitangaza kuondolewa kwa ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo wa HESLB, bodi yetu ya mikopo ya elimu ya juu, na Julai mwaka huohuo utekelezaji ukaanza. Mwaka uliofuata Biden akatangaza kufuta hadi dola 10,000 kwa mkopaji, na hadi 20,000 kwa waliowahi kupata ruzuku ya Pell, ile ya wanafunzi wenye kipato cha chini. Kwa tamko lile hakuna aliyefutiwa hata senti. Wote ni marais, sasa tofauti iko wapi kisheria?

Swali la pili ndilo linalobana watu zaidi. Mtu mwenye mikopo ya serikali ya Marekani, mwajiriwa wa hospitali ya kaunti, ashike mpango gani ambao kesho mahakama haitauzima? Naomba wanaoijua sheria yenyewe, siyo siasa zake.

Kifungu_kwa_Kifungu

Mkuu, anza kwa kuangalia kilichofutwa. Tanzania iliondoa tozo iliyokuwa ikipachikwa juu ya deni. Deni la msingi halikuguswa, na makato ya 15% ya mshahara yaliyoletwa na marekebisho ya sheria ya 2016 yalibaki palepale. Biden alitaka kufuta deni lenyewe, takribani dola bilioni 430, kwa wakopaji wapatao milioni 43.

Marekani, Katiba inasema fedha hazitoki hazina ila kwa sheria ya Bunge, yaani Kongresi. Mkopo ambao haujalipwa ni mali ya serikali, kwa hiyo Waziri wa Elimu anasamehe pale tu Bunge lilipomruhusu. Kila msamaha lazima uning'inie kwenye kifungu fulani. Kifungu kikikatika, msamaha unaanguka nacho.

Kifungu alichokishika Biden kipo kwenye sheria ya HEROES ya 2003, iliyotungwa enzi za vita vya Iraki na wanajeshi wakiwa akilini. Inampa Waziri, wakati wa vita au dharura ya taifa, uwezo wa "kuondoa au kurekebisha" masharti ya mikopo ili mkopaji aliyeathirika asiwe na hali mbaya zaidi kifedha kuhusu mkopo wake. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyotumika kurefusha usitishaji wa marejesho wakati wa UVIKO, ndiyo maana wengi waliamini ingebeba na mzigo huu.

Tarehe 30 Juni 2023, kwenye kesi ya Biden dhidi ya Nebraska, Mahakama ya Juu ikakataa kwa majaji 6 dhidi ya 3. Hukumu aliiandika Jaji Mkuu Roberts, na ukiisoma utaona ni ugomvi juu ya vitenzi viwili. "Kurekebisha", alisema, ni kugusa kidogo kilichopo. Akaazima mfano kutoka hukumu ya zamani: mpango huu ulirekebisha sheria kama vile Mapinduzi ya Ufaransa yalivyorekebisha hadhi ya makabaila wa nchi ile. "Kuondoa" nako hakukusaidia, kwa sababu Wizara haikutaja sharti mahususi inaloliondoa, bali iliandika masharti mapya kabisa: kipato kisichozidi dola 125,000 kwa mtu mmoja au 250,000 kwa wanandoa, kiasi hiki kwa huyu, kiasi kile kwa yule. Juu ya hapo, jambo lenye uzito mkubwa kiuchumi linahitaji ruhusa ya Bunge iliyo wazi, siyo ya kubahatisha kwenye neno.

Kuna kitu wengi wanakiruka: majimbo yaliyoupinga mpango yaliingiaje mahakamani? Kwa mlango mmoja tu. MOHELA, taasisi ya jimbo la Missouri inayosimamia mikopo, ingepoteza ada za takribani dola milioni 44 kwa mwaka, na hasara yake ikahesabiwa kuwa ya jimbo. Siku hiyohiyo kesi ya wakopaji wawili binafsi ilitupwa kwa kauli moja, kwa kuwa hawakuonyesha kwamba madhara yao yametokana na mpango huo. Bila MOHELA, sioni kama kesi ingefika mbali.

Bajeti_Mezani

Naongezea upande wa Bunge, maana mahakama haikuwa peke yake. Mwanzoni mwa Juni 2023 wabunge walipitisha azimio la kuufuta mpango, Biden akalipigia kura ya turufu. Lakini mwezi huohuo alishatia saini sheria ya ukomo wa deni la taifa, ambayo ndani yake usitishaji wa marejesho ulifungwa na kurefushwa tena kukazuiwa bila idhini ya Bunge. Riba ikarudi 1 Septemba, malipo Oktoba.

Biden akajaribu njia nyingine kupitia Sheria ya Elimu ya Juu ya 1965, inayomruhusu Waziri kuafikiana, kuondoa au kuachilia madai. Hiyo inadai mchakato mrefu wa kanuni. Rasimu ilitoka Aprili 2024, ikaondolewa Desemba 2024 bila kuanza kazi.

Hata hivyo, tusiseme hakuna aliyesamehewa. Zaidi ya watu milioni 5 walifutiwa zaidi ya dola bilioni 180 katika kipindi chake, kupitia programu zilizokwisha kuwepo: utumishi wa umma, ulemavu, vyuo vilivyodanganya wanafunzi na mipango ya kipato.

Mshale_wa_Kusini

Nimeelewa. Lakini SAVE, ule mpango wa Biden wa kulipa mkopo kulingana na kipato, si ulikuwa miongoni mwa mipango ya kipato? Mbona nao ulizimwa?

Kifungu_kwa_Kifungu

Kwa sababu ya kifungu tena. SAVE ulijengwa juu ya sheria ya 1993 inayoruhusu malipo kulingana na kipato kwa muda usiozidi miaka 25, lakini haisemi kinachobaki kifutwe. Mahakama ya rufani ya mzunguko wa 8 ilishikilia hapohapo, Julai 2024 na tena Februari 2025. Linganisha na IBR, mpango mwingine wa kulipa kulingana na kipato: humo Bunge liliandika msamaha kwa maneno yake. Aliyekopa mara ya kwanza kuanzia 1 Julai 2014 analipa 10% ya kipato cha ziada (kinachozidi kiwango kilichowekwa) kwa miaka 20, wa kabla ya hapo 15% kwa miaka 25.

PSLF, yaani msamaha wa watumishi wa umma, ni vivyo hivyo, imo kwenye sheria ya 2007. Huyo mtu wa hospitali ya kaunti aelekee huko: malipo 120 ya kila mwezi yanayostahili, mkopo wa aina ya Direct (uliotolewa na serikali kuu yenyewe), kazi ya angalau saa 30 kwa wiki kwa serikali au shirika lisilo la faida lenye hadhi ya kodi ya 501(c)(3). Fomu ya mwajiri ajaze kila mwaka na kila anapohama kazi, asingoje mwaka wa 10, maana idara iliyofungwa au bosi aliyehama ni taabu tupu.

Wengi huumia kwenye mikopo ya zamani ya FFEL, iliyotolewa na benki kwa dhamana ya serikali. Malipo yake hayahesabiki PSLF mpaka iunganishwe kuwa Direct. Aunganishe ile ya FFEL peke yake. Akiichanganya na Direct yenye malipo 80 tayari, hesabu mpya inakuwa wastani kwa uzito wa salio, na zile 80 zinashuka. Miezi aliyokaa SAVE bila kulipa pia haihesabiki, ingawa anaweza kuomba kuinunua, yaani kuilipia sasa, ikiwa itamfikisha 120.

Bajeti_Mezani

Aangalie pia tarehe. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 inaua SAVE na mipango mingine ya kipato, PAYE na ICR, ifikapo 1 Julai 2028. Mkopo mpya wa kuanzia 1 Julai 2026 unapata RAP, mpango mpya wa kipato, au malipo ya kawaida tu, na kuunganisha baada ya hapo kunahesabika kama mkopo mpya. RAP inakubalika PSLF, lakini kwa asiye mtumishi wa umma msamaha wake unakuja baada ya miaka 30.

Halafu kodi. Nafuu ya 2021 iliyofanya msamaha usitozwe kodi ya shirikisho iliisha mwisho wa 2025. Anayefutiwa kupitia IBR sasa anahesabiwa kiasi hicho kama kipato cha mwaka ule, hivyo aanze kuweka akiba mapema. Wa PSLF hatozwi kodi hiyo.