Rodi moja ya kasti kwa bass wa Naivasha na mikandaa ya Lamu: midiamu, midiamu-hevi au hevi?

KijanaWaShela:
Salaam aleikum jamaa. Mi mtu wa Shela, Lamu, lakini kazi imenitupa Naivasha, nashuka nyumbani kila miezi miwili mitatu hivi. Huku ziwani kuna wale bass, samaki wa Marekani walioletwa na wazungu tangu miaka ya 1920, na wenzangu wa kazini washanitia ugonjwa. Sasa nataka rodi ya kasti (ile ambayo rili hukaa juu ya mpini) MOJA, moja tu, mama watoto keshasema ya pili nitalala nayo barazani. Iweze kurusha vyambo vya bandia, yaani spinabeti, jigi, mnyoo wa plastiki na rapala ndogo ya umbo la samaki, na nikija nyumbani niingie nayo mikandaani kutafuta tewa na kolekole wadogo. Nimeziona tatu: futi 6 na nusu midiamu, futi 7 midiamu-hevi, futi 7 na nusu hevi. Bei zakaribiana. Nichukue gani?

Mzia_Malindi:
Nilidhani waulizia basi la Naivasha nikataka kukuelekeza stendi 😂😂
Futi 7 midiamu-hevi, ncha fasti. Hakuna mjadala hapo.

FundiRili:
Mjadala upo, ila jibu lako ni sawa, acha nimweleze kijana.

Usisome jina la rodi, soma yale maandishi madogo juu ya mpini. Ile ya kazi nyingi huwa imeandikwa uzi wa ratili 12 mpaka 20 na chambo cha wakia 3/8 mpaka 1, yaani kama gramu 10 na kitu mpaka 28. Spinabeti nyingi ziko hapo, jigi ziko hapo, mnyoo ukishaweka na risasi yake uko hapo. Ile midiamu ni tamu kwa rapala zenye ndoana za meno matatu manake inapinda polepole haimpasui samaki mdomo, lakini bass akijifunga kwenye mafunjo utabaki unaikunja tu kama upinde na yeye hatoki. Na ile hevi ni ya chura wa mpira juu ya magugumaji, unampiga unamburuta na majani yake yote. Ukiifungia kitu cha gramu 7 utakuwa warusha na upondo.

Halafu watu wanachanganya vitu viwili, nguvu na mpindo. MH, yaani midiamu-hevi, ni nguvu, inabeba kiasi gani. Fasti ni wapi inapopinda. Ukiwa dukani gusisha ncha kwenye dari uisukume taratibu, ikipinda theluthi ya juu peke yake hiyo fasti, ikipinda mpaka kati hiyo ni ya rapala. Kwa jigi na mnyoo wataka fasti manake ndoana inabidi itoboe plastiki kwanza ndio ifike mdomoni.

BintiMatondoni:
Hayo yote ya ziwani sijui, mi nasema ya mikandaani. Kule tewa akishika huna muda, ukimpa pumzi moja keshaingia kwenye mizizi, hapo huvui tena wavuta mkandaa. Kwa hiyo midiamu sahau. Lakini na urefu pia ni adui, wewe umekaa mtumbwini, yuu kuna matawi, mayi yanakupwa, futi 7 na nusu utaipeleka wapi? Na hujafika huko bado, kwanza uipitishe kwenye ndia za mji. Kaka yangu alikata kona na rodi yake begani akakutana na punda wa mawe, punda hakusimama, ncha ilivunjika shibiri nzima. Punda hata hakugeuka kuangalia.

KijanaWaShela:
😂 dada yangu umenikumbusha nyumbani. Kwa hiyo nichukue urefu wa ile ya kwanza na nguvu ya ile ya pili? Zipo za hivyo?

FundiRili:
Zipo, futi 6 na nusu MH. Dada ana haki kwa mikandaa. Ila ziwani waenda mara ngapi na Lamu mara ngapi? Ukiwa kwenye boti Naivasha ule unchi sita wa zaidi unakupa masafa, na mnyoo ukiuacha chini unaondoa ulegevu wa uzi haraka zaidi. Mi nabaki futi 7. Na jigi tafuta ya kahawia ya kuelekea wekundu, bass wa huko wanakula wale kamba wekundu wa maji baridi wa Louisiana walioingizwa ziwani 1970.

Sabaki_Boy:
Mnampoteza mwenzenu. Kwani lazima kasti? Achukue spining, ile ambayo rili huning'inia chini ya mpini. Nilienda na kasti mdomo wa mto Sabaki wakati wa kusi, upepo usoni, mrusho wa kwanza tu rili ikafanya kiota cha kunguru, nusu saa nafumua na ndoo ya jirani yangu mwenye spining inajaa kolekole. Chambo kikipigwa na upepo kinapunguza mwendo lakini kile kidude cha uzi bado kinazunguka, hapo ndipo balaa.

Mzia_Malindi:
@Sabaki_Boy hiyo ni gumba lako si rodi. Kaza breki, rusha chini chini ubavuni, gumba ligonge uzi kabla chambo hakijagusa maji. Kasti ina ile nguvu ya kuvuta, uzi mnene hausumbui, na kutupia chini ya tawi kwa shabaha hakuna mfano.
Na ukija Malindi usiende kurusha ndani ya marine park ati, ile imefungwa kwa uvuvi tangu 1968.

Sabaki_Boy:
Gumba langu liko sawa. Lakini haya.

BintiMatondoni:
Kijana, wasafiri na basi mpaka Mokowe kisha boti, chukua ya vipande viwili usije ukafika na vitatu. Na ya grafaiti tupu ni nyepesi wasikia samaki akigusa tu, lakini ikigongwa ubavuni leo hukatika kesho. Mi natumia Ugly Stik, ile mchanganyiko wa grafaiti na faiba, nzito kidogo mkononi kwa siku nzima lakini imekanyagwa na bado yavua. Ukitoka chumvini ioshe na maji ya kisima, hasa miguu ya pete, kutu huanzia hapo chini ya nyuzi zilizofungia pete.

FundiRili:
Na kabla hujalipa pitisha pamba ndani ya kila pete. Ikinasa nyuzi, kuna ufa, na huo ufa utakula uzi wako bila wewe kuuona.

KijanaWaShela:
Nimerudi. Nimechukua futi 7 MH fasti, vipande viwili, mchanganyiko. Muuzaji alinicheka na pamba yangu mpaka pete ya tatu kutoka juu ikanasa, akanyamaza akaleta nyingine. Jumamosi nimetoa bass wawili pembeni ya mafunjo kwa mnyoo, wa tatu alinitia kwenye magugu akaondoka nao. BintiMatondoni nikishuka utanionesha mkondo. Swali la mwisho, rili nichukue ya mkono wa kulia au wa kushoto?

Mzia_Malindi:
Hiyo fungua uzi mwingine, wallahi hatutalala.