Mjadala: Mlezi wa malenga chipukizi Lamu, ageuze Kiamu kiwe sanifu?

Kijana wa Lamu anatunga utenzi kwa Kiamu, lahaja ya huko. Anapata mwalimu wa kumlea, na mwalimu anaanza kubadilisha maneno yawe Kiswahili sanifu ili kazi ipate mchapishaji. Ni sawa? Wanajadili watatu: mtu wa Mkomani na binti wa Langoni, mitaa ya Lamu, pamoja na mhariri wa Malindi.

Mkomani: Si sawa. Huu hapa ubeti wa mfano:

Fumbuwa mwanangu mato
Usiteze nao moto
Ungali bado mtoto
Yako na mengi ya kuya

Weka "macho" badala ya "mato", na "kuja" badala ya "kuya". Mizani, yaani silabi, zabaki 8 kila kipande (mstari), ndiyo maana mwalimu hudhani hajaharibu kitu. Lakini "macho" haina kina kimoja, yaani silabi ya mwisho inayofanana, na "moto" na "mtoto". Bahari ndiyo msiba zaidi, kwani kina cha kipande cha nne hushika utenzi kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Beti zinazoishia "haya" au "malaya" sanifu haizigusi, zinazoishia "moya" na "kuya" zageuka "-ja". Utenzi mmoja, bahari mbili! Ili kurekebisha, mwalimu itambidi atunge upya, na hapo kazi si ya mwanafunzi tena.

Mhariri wa Malindi: Kwa vina sibishani nawe, ndugu yangu. Lakini msomaji wa Tabora atajuaje "mato"? Vitabu vya shule Kenya hupitia KICD, taasisi ya mitaala, na sanifu imesimama juu ya Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, tangu mkutano wa Mombasa wa 1928. Hatukuulizwa, ila soko ndilo hilo. Chipukizi aanze na shairi la sanifu: mishororo 4, mizani 16 kila mshororo, zikigawanywa 8 kwa 8, vina vya kati na vya mwisho. Akishaiva, arudi kwenye Kiamu.

Mkomani: Akishaiva hatorudi. Na hiyo "runinga" mnayochapisha ninyi wahariri, aliyeibuni ni marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, malenga mzaliwa wa Lamu. Sanifu nayo hula kwetu.

Binti wa Langoni: Mwaniruhusu? Dawa ya msomaji wa Tabora ni sherehe, yaani orodha ya maneno na maana zake: neno la Kiamu, nambari ya ubeti, maana yake, basi. Aiandike mwanafunzi mwenyewe kwa sababu asiyeweza kueleza neno lake huenda amelitia kujaza mizani tu.

Mimi naona tatizo ni hesabu ya walezi. Utenzi wa beti 60 una vipande 240, yaani mizani 1,920 za kuhakikiwa. Mlezi mwenye wanafunzi 5 ana 9,600, na hajaanza kuangalia maana. Akichukua 20 kwa mkupuo atasoma juujuu, na makosa yatakayopita ni yale yale: "mtoto" kuhesabiwa mizani 2 ilhali ni 3 (m-to-to), au "mbali" kuhesabiwa 3 ilhali ni 2 (mba-li). Mwanafunzi alete beti 10 kwa wiki, aziimbe kwa mahadhi kabla ya kuonyesha karatasi. Kipande kilichopungua mizani sauti hukwama hapo hapo. Mlezi atie alama kwa penseli, asiandike neno mbadala.

Na darasa lisiwe darini kwa mtu wala kwenye daka, ukumbi wa mlangoni wanakobarizi wanaume. Mwana Kupona, malenga wa kike, alimtungia bintiye utendi mwaka 1858. Leo binti huyo angeketi wapi?

Mhariri wa Malindi: Sherehe naikubali, dada. Penseli pia, japo kuna walimu watakaoona wamefungwa mikono. Ila mlezi na mwanafunzi waandikiane mapema. Hakimiliki ya Kenya hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mlezi aliyetia beti 12 zake humo, warithi wake watadai nini?

Mkomani: Asitie hata mmoja.

Mhariri wa Malindi: Na ubeti ukivunjika siku moja kabla ya kwenda kiwandani kuchapwa?

Binti wa Langoni: Utolewe. Utenzi wa beti 59 pia ni utenzi.