Tupeane uzoefu: Ni kitu gani kinachopamba jiko lako na bado unakitumia kila siku?

Ndugu zangu, salaam kwa wote, na shikamooni wakubwa. Wiki iliyopita nilimaliza kupaka rangi jiko langu hapa Tanga, na nilipofika wakati wa kurudisha vyombo mahali pake nilisita. Nilikuwa nimenunua maua ya plastiki na vibandiko vya picha za matunda, lakini kila nilipovisogeza ukutani niliona havina kazi yoyote humo ndani zaidi ya kukusanya vumbi na mafuta. Mwishowe niliviweka kando, nikapigilia misumari mitatu na kutundika kawa tatu za ukindu alizoniachia marehemu mama yangu, zilizotiwa rangi ya zambarau na kijani. Zinapendeza kuliko picha yoyote, na ikifika saa saba mchana naziteremsha kufunikia chakula. Kawa ina faida ambayo mfuniko wa plastiki hauna: mvuke hupenya katikati ya ukili, kwa hiyo wali haulowani, na nzi hawaufikii.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza wenzangu mmefanyaje. Naomba kila mmoja ataje kitu kimoja kinachopendezesha jiko lake na ambacho mkono wake hukifikia kila siku. Na kwa kuwa mpishi naye ni sehemu ya jiko, mtueleze pia mnavaa nini mnapopika.

Mwanachama wa Temeke, Dar es Salaam:

Ahsante dada kwa mada hii. Mimi ninaishi chumba na sebule, na jiko langu ni kona ya sebule yenye meza moja na rafu mbili. Kwa miaka mingi nilipikia mkaa koridoni, na ukuta wa koridoni ulikuwa mweusi kwa masizi kiasi kwamba sikuwahi hata kufikiria pambo. Niliponunua mtungi wa gesi wa kilo 6, badiliko la kwanza nililoliona halikuwa kwenye chakula bali ukutani, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliweza kupaka rangi nyeupe na ikabaki nyeupe. Tunasikia mengi sasa kuhusu mkakati wa mwaka 2024 unaolenga kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na hoja zinazotajwa ni misitu na mapafu, nazo ni hoja za kweli. Hata hivyo ningependa na hili litajwe, kwamba mwanamke anayepikia mahali pasipo moshi hupata hamu ya kupapendezesha, na hutoka jikoni nguo zake zikiwa hazinuki moshi.

Nitoe tahadhari kwa wenye majiko madogo kama langu. Nilibandika karatasi ya plastiki yenye mfano wa vigae nyuma ya jiko la gesi, na haukupita mwezi ikajikunja kwa joto na kuanza kubanduka karibu kabisa na moto. Chini ya meza nako nilikuwa nimening'iniza kanga kama pazia ili kuficha mtungi. Fundi aliyekuja kubadilisha mpira wa gesi alinionya kwa ukali, na alikuwa na haki: kitambaa hakipaswi kuwa karibu na moto, na mtungi unahitaji kuonekana na kupata hewa ili harufu ya gesi inayovuja ijulikane mapema. Niliondoa vyote viwili, nikapaka rangi ya mafuta ambayo hufutika kwa sabuni na kitambaa.

Kitu changu nilichokichagua ni upawa wa kifuu wenye mpini wa mti, niliorithi kwa bibi. Unaning'inia peke yake kwenye ule ukuta mweupe, na mchuzi wowote unaopakuliwa nyumbani kwangu unapakuliwa nao. Ninavaa dera la pamba lenye mikono mifupi, kwa sababu mikono mipana ya madera mengine hufika motoni kabla hujatambua. Naomba kuuliza: kawa zako zinaposhika mafuta unazisafisha vipi?

Mwanachama wa Mombasa:

Kanga sisi huku twaita leso, na kwangu mimi jiko bila leso si jiko. Mlango wa kutoka jikoni kwenda uani nimeupamba kwa leso aliyonipa mama mkwe wangu mwaka nilioolewa, ya wale wauza leso Kaderdina Hajee Essak wa Mtaa wa Biashara, yenye alama ya "Mali ya Abdulla" ambayo mama zetu waliitafuta kwanza kabla ya kutazama rangi. Jina lake ni "Mgeni njoo mwenyeji apone", na pindo lake ni jekundu na jeusi. Nimeitundika jina likitazama ndani, ili mimi ninayepika ndiye nilisome. Pepo za bahari zikivuma mchana, leso huzuia vumbi la uani na kuniachia hewa, na jioni naikunja kando.

Lakini nilitaka zaidi kueleza safari ya leso ndani ya nyumba, kwa sababu hapo ndipo mavazi na mapishi yanapokutana. Leso mpya ni ya kutokea na ya kualikiwa. Ikishafuliwa mara nyingi na kulainika huwa ya kujifunga nyumbani, au mbeleko ya mtoto. Rangi ikififia inashuka jikoni: ninajifunga kibwebwe nayo ninapokanda unga wa mahamri, naikunja mara nne kushikia sufuria ya moto, naitandaza juu ya unga uliokandwa ili uumuke. Ikichakaa kabisa naikata vitambaa vya kupangusia meza. Mama mkwe alinifundisha kutokata kipande chenye jina, na hadi leo majina hayo nimeyahifadhi. Miaka miwili iliyopita niliyaunga kwa cherehani nikapata kitambaa kirefu cha kutandika kwenye rafu ya vikombe, na wageni husimama hapo wakisoma jina moja baada ya jingine, huku wazee wakikumbuka nani aliivaa ipi na katika harusi ya nani.

Mwanachama wa Mbeya:

Mimi ni mwanaume na ndiye ninayepika nyumbani. Rafu yangu ina vyungu vitatu vya Wakisi kutoka Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, vinavyofinyangwa na akina mama na kuuzwa katika soko la Matema. Kila kipya nakipikia kwanza uji mwepesi ili vitundu vyake vizibe. Kimoja ni cha maharage, kimoja cha mboga za majani, cha tatu cha maji ya kunywa. Kuhusu mavazi sina mengi. Ninavaa aproni ya turubai.

Mwanachama wa Muscat:

Wanangu, nimesoma habari zenu kwa furaha kubwa. Wazee wangu walitoka Unguja, na sisi tulikuja Omani katika miaka ya 1970. Jiko langu hapa ni la makabati meupe yaliyofungwa ukutani, kila kitu kimefichwa, na ukiingia hutajua nyumba hii mwapikwa nini. Kitu pekee kilicho wazi ni mbuzi ya kukunia nazi ya mama yangu. Binti yangu aliipenda sana kwa nakshi zake, akaipaka vanishi na kuiweka sebuleni karibu na chetezo, na kila mgeni akaisifia. Nilivumilia mwezi mmoja mzima nikisaga nazi kwa mashine, na tui halikunipendeza hata siku moja. Ikabidi niseme naye kwa upole, nikairudisha jikoni. Nazi za Salalah zapatikana, kifumbu cha kuchujia tui nililetewa na jamaa, na Ijumaa wajukuu hugombea kukalia kibao.

Ninapopika najitanda kanga kichwani ili harufu ya kukaanga isiingie nyweleni, kisha nikimaliza naoga na kujifukiza udi kabla ya chakula kuandaliwa.

Mwanzisha mada, Tanga:

Shikamoo bibi, na ahsanteni nyote. Dada wa Temeke, kawa silowanishi. Nazifuta kwa kitambaa kilichokamuliwa maji ya sabuni kidogo, nazifuta tena kwa maji matupu, kisha nazianika kivulini penye upepo, kwani jua kali hufifisha rangi. Wakati wa masika ninazikagua kila baada ya siku mbili, maana unyevu wa bahari huleta ukungu, nao huanzia kileleni kwa ndani.