Mrejesho: irabu za Kiarabu sasa zinaingia

Ndugu zangu asanteni sana, niliwauliza nifanyeje maana nikisoma msahafu fataha na kasra, zile alama za irabu a na i, zinanichanganya. Mlioniambia nitamke herufi moja moja kwa sauti, Mungu awalipe. Kila baada ya magharibi hapa Kampala nakaa mkekani na binti yangu tunasema ba, bi, bu, kimstari juu a, kimstari chini i, kile kialama kama herufi wau ndogo juu, yaani dhuma, u, mpaka ulimi ukazoea.

Halafu ustadhi akanishtua kwenye Fatiha, an'amta ni wewe Mola umeneemesha, ukiweka dhuma ikawa an'amtu umeshasema mimi ndo nimeneemesha! Nikarudia palepale.

Iliyobaki ni shada, ile alama ya kukaza herufi, kuna vitabu kasra yake inakaa chini ya shada lakini juu ya herufi, hapo bado naisoma fataha.