Uliyeuza nyumba yenye hati, makadirio ya kodi yalikukutaje? Tupeane uzoefu

Mwenye Kiwanja
Wakuu, jana nimemsindikiza shemeji kufuatilia makadirio ya kodi ya faida ya mauzo, nikakumbuka yaliyonikuta. Mkataba wetu ulisema milioni 80. Ripoti ya uthamini ikarudi na milioni 105, na hesabu yote ikaanzia hapo. Waliopitia watueleze, maana wengi tunajua asilimia ya dalali tu.

Mama Wawili
Mimi faili langu lilikuwa kamili: risiti za kiwanja, saruji, mabati, mkataba wa fundi. Gharama zikatolewa, faida ikabaki milioni 30, nikalipa asilimia 10, yaani milioni 3. Jirani yangu aliuza kwa bei hiyohiyo, milioni 80, bila risiti hata moja. Akakatwa asilimia 3 ya thamani yote: milioni 2.4. Pigeni hesabu kabla ya kwenda.

Kishoka
Kwa hiyo unafundisha watu kuficha risiti?

Mama Wawili
Soma tena. Nimesimulia kilichotokea. Kama faida yangu ingekuwa milioni 10, risiti zilezile zingeniokoa.

Mtoto wa Mzee
Acheni niwasimulie. Baba alinunua nyumba 2009, akalipa pesa yote, akakabidhiwa hati mkononi. Muuzaji alitaka pesa safi, kodi hataki kusikia, basi uhamisho ukaachwa. Baba akaishi humo, akaongeza vyumba, akajenga ukuta. Alipougua ikabidi auze. Mnunuzi kapatikana, wakili wake kafungua hati: jina la mtu mwingine.

Tukamtafuta yule muuzaji, tukaambiwa alishafariki na mirathi haijafunguliwa. Tukaenda kwa familia. Kijana wake mmoja akamwangalia baba usoni: "Mzee, una uhakika ulinunua? Sisi tunajua ulipanga." Baba mgonjwa, ameegemea fimbo, hakujibu neno. Sijawahi kuumia vile. Aliyetuokoa ni mjumbe wa zamani aliyesaini makubaliano. Alikuja na daftari lake.

Ndipo safari ikaanza. Mahakamani apatikane msimamizi wa mirathi. Vijana wakataka chao kabla ya saini. Uhamisho wa kwanza kwenda kwa baba, wa pili kwenda kwa mnunuzi, na kila mmoja na makadirio yake. Mthamini anaangalia nyumba ilivyo leo, na vyumba alivyojenga baba vimo. Tukamlipia marehemu kodi ya jasho letu.

Bi Mkubwa
Poleni sana mwanangu. Mzee anaendeleaje?

Mtoto wa Mzee
Alitibiwa, mama. Anatembea.

Kishoka
Pole, ila kodi ya faida ni ya muuzaji. Mzee alikubalije?

Dalali Mkongwe
Sheria inasema muuzaji. Mtaani analipa anayeitaka hati, kwa sababu Msajili wa Hati hahamishi bila cheti cha TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, kwamba kodi imelipwa au haidaiwi. Muuzaji akishashika hela, haraka ya nini?

Kishoka
Ninyi madalali ndio mnaowaambia wauzaji "utapata pesa safi".

Dalali Mkongwe
Si wote. Mimi wateja wangu wanazuia sehemu ya malipo mpaka cheti kitoke.

Mama Wawili
Hapo naungana na dalali. Na ushuru wa stempu, asilimia 1, uandikwe nani analipa.

Mpangaji Wetu
Si muandike bei ndogo kwenye mkataba yaishe?

Mwenye Kiwanja
Umesoma nilichoandika juu? Mthamini ndiye anayesema thamani. Na mauziano yakivunjika, mnunuzi atadai milioni 80 kwa karatasi ya milioni 40?

Hakimu Mtaa
Jamani, nyumba ya kuishi ina nafuu. Uwe umeimiliki miaka 3 au zaidi, umeishi humo jumla ya miaka 3, na faida isizidi milioni 15. Ila usijisamehe mwenyewe, nenda upate cheti kinachosema hudaiwi.

Bi Mkubwa
Na pango la ardhi, ile kodi ya kiwanja ya kila mwaka, lilipwe mapema, mtakwama hapo. Na ridhaa ya mke au mume, msisahau.

Shangazi wa Pili
Mtoto wa Mzee, mnunuzi alisubiri muda wote huo?

Mtoto wa Mzee
Alisubiri, tulimshushia bei. Hati sasa ina jina lake.