Wauza samaki wa mapambo Arusha, mnatuulia vikande kwa tamaa ya hela

Wakuu, hili limezidi. Unaingia dukani hapa mjini unakuta kikande, samaki wa maji chumvi (Waingereza humwita triggerfish), wa sentimita tano ndani ya tangi la lita 60, muuzaji anakuapia kwamba hatakua zaidi ya hapo na kwamba chumvi ya jikoni inamtosha. Huo ni utapeli mtupu.

Kikande Picasso, ambaye ni miongoni mwa wadogo, anavuka sentimita 20. Yule mwenye madoa makubwa meupe tumboni anafika 50. Chini ya lita 400 usimguse Picasso, na huyo wa madoa anataka tangi kubwa zaidi ya hapo. Chumvi ya jikoni nayo ni sodiamu kloraidi karibu tupu, haina magnesiamu wala kalisiamu wala kabonati za kuishikilia pH (kipimo cha ukali wa asidi katika maji) kwenye 8.1 hadi 8.4. Nunua chumvi ya akwariamu, gramu 35 hadi 38 kwa lita, yaani kilo 14 hadi 15 kwa lita 400. Koroga kwa pampu kwenye pipa pembeni siku nzima, mpaka haidromita (kipimo cha chumvi ya maji) isome 1.025. Maji yakipungua kwa mvuke ongeza maji matupu yasiyo na chumvi, maana chumvi haipai.

Halafu tangi na samaki vinauzwa siku moja! Filta inahitaji wiki nne hadi sita ikilishwa amonia, sumu ile ile inayotoka kwenye taka za samaki, ili bakteria wa kuivunja waote. Amonia na nitriti (sumu inayotokana na amonia) zisipofika sifuri, samaki haingii.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni mfuko. Samaki kasafiri usiku kucha kwa basi kutoka Tanga au Dar. Pumzi yake imejaza kabonidayoksaidi, pH imeshuka, na hiyo ndiyo inayopunguza makali ya amonia iliyojikusanya. Ukifungua tu, gesi inatoka, pH inapanda, amonia inakuwa sumu kali na kuunguza mashavu. Na wauzaji bado wanashauri ufungue udondoshee maji tone kwa tone saa mbili! Uache mfuko uelee juu ya maji ya tangi ukiwa umefungwa, dakika 20, joto lilingane. Ukifungua, mhamishe hapo hapo kwenye tangi la karantini (la kumtenga samaki mgeni) lenye chumvi sawa na ya mfuko, maji ya mfuko mwaga. Mchote kwa kopo. Ukitumia wavu, mwiba wa mgongoni unajifunga humo na kumchana.

Baridi ya Julai hapa hita ni lazima, lakini kikande anatafuna waya na kugonga kioo kwa mawe. Ivishe hita bomba la plastiki lililotobolewa matundu, waya uupitishe nje ya maji. Nani dukani anakwambia hili?

Ndugu wauzaji, andikeni juu ya kila mfuko chumvi ya maji yenu inasoma ngapi, na kwenye kila tangi urefu wa samaki akikomaa. Kalamu na karatasi mnavyo.